Siku Diwani Alipotapika

Wauza mchele wa soko la Kashaulili, Mpanda, waliomjua Specioza walikuwa na kanuni moja: ukimsikia anacheka, usifurahi haraka. Muulize kwanza kuna nini.

Specioza alicheka akifurahi kama watu wengine, lakini akiogopa ndipo alipocheka hasa. Hofu inayowatoka wenzake machoni ikiwa machozi, yeye ilimpanda kooni ikamtoka mdomoni ikiwa kicheko, na hakuwa na uwezo wa kuizuia. Alizaliwa hivyo huko Usevya, Mpimbwe, nyumbani kwa wakulima wa mpunga ambao hawakukosa misa hata siku moja. Siku ya kipaimara, askofu alipomnyooshea mkono kumpaka mafuta, msichana aliangua kicheko hadi mama yake akajifunika uso na mtandio. Siku ya ndoa ikawa mbaya zaidi. Padre alimuuliza kama anakubali kuolewa na Telesphor, naye akacheka mpaka shela likamwangukia mabegani. Telesphor, mtu ambaye hata akipewa zawadi hununa, alisimama pale kama nguzo ya simu, akasubiri. Kicheko kilipokatika, bibi harusi akajifuta macho akasema, "Ndiyo, baba, nakubali," kwa sauti nzuri kabisa. Baadaye shemeji zake walimuuliza Telesphor kama hakuona aibu.

"Aibu ya nini?" alisema. "Mtu asiyependa haogopi."

Walihamia Mpanda mjini Telesphor alipopata kazi ya kupakia mizigo stesheni. Specioza akapanga meza sokoni, akawa anauza mchele wa kwao Mpimbwe, ule unaonukia kabla haujabandikwa. Biashara ilikwenda, ila panya nao walifika mapema kuliko wateja. Walitoboa magunia, wakajisaidia kwenye kisado, wakazaliana nyuma ya kabati. Ndipo mama mmoja wa stesheni alipompa paka mdogo, rangi ya majivu, miguu ya mbele myeupe kama amevaa soksi za shule.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa madiwani, ule wa kwanza wa vyama vingi, na mji mzima ulikuwa hauna maneno mengine. Paka yule naye hakukaa nyumbani. Kila ilipofika saa ya chakula alipita nyumba kwa nyumba, akijisugua kwenye miguu ya watu, akiwatazama usoni kwa macho ya huruma kana kwamba kesho yake atawaletea bomba la maji. Akishashiba haonekani tena mpaka sufuria nyingine ibandikwe. Telesphor alimtazama siku moja akitoka kwa jirani huku akijilamba masharubu.

"Huyu," alisema bila hata kutabasamu, "ni diwani kabisa."

Jina likaganda. Wakubwa kwa wadogo wakamwita Diwani. Mtaani, mtu pekee ambaye hakulijua jina hilo alikuwa Mheshimiwa Melkiadi, diwani wa kweli, ambaye kata yake ilikuwa mbali huko lakini nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwa Specioza. Alikuwa mtu mnene, mpole, wa miwani mizito, na nani angethubutu kwenda kumwambia?

Sasa, Jumapili moja ya kiangazi Telesphor alirudi na migebuka mikavu aliyoletewa na dereva wa lori kutoka ziwani, Karema. Samaki walikuwa wamefungwa pamoja kwa uzi wa nailoni wa wavu, uzi uliolowa mafuta na kunuka vizuri kuliko samaki wenyewe. Telesphor aliukata, akaubwaga karibu na mafiga, akaenda kunawa. Walikula, wakashiba, Diwani akapata vichwa.

Kesho yake asubuhi Diwani alitapika kwenye mkeka. Specioza alifuta, akamtazama, akaendelea na shughuli zake. Paka kutapika ni nini? Akila majani anatapika, akila mjusi anatapika, akila haraka haraka kama anafukuzwa anatapika. Na mara baada ya kutapika Diwani alikuwa anafukuza gunzi la muhindi uani, mkia juu. Specioza alimnyima chakula mpaka mchana ili tumbo lipumzike, akamwachia maji tu. Jioni akampa kipande kidogo cha samaki, akala. Basi, yakaisha.

Kumbe hayajaisha. Siku iliyofuata Diwani alitapika povu la njano, akarudia, akarudia tena. Specioza akamwekea mgebuka puani. Diwani aliunusa, akageuza shingo.

Diwani kukataa mgebuka! Specioza alihisi kitu kinamtekenya kooni.

Paka akaingia uvunguni mwa kitanda, akajikunja nyuma ya viatu vya Telesphor, akawa hatoki hata akiitwa kwa sauti ya sufuria. Aliyetokea alikuwa jirani, Katarina, muuza nyanya, mwanamke mwenye moyo wa dhahabu na dawa ya kila kitu. Alikuja na bakuli la maziwa.

"Mpe maziwa, dada. Maziwa yanaosha sumu."

Diwani aliramba kidogo kwa adabu. Haikupita muda yakarudi yote, na nyuma nako kukafunguka. Katarina alishika kiuno akatafakari, kisha akaenda kwake akarudi na kidonge cha Panadol amekiponda kwenye kijiko na maji.

"Hii sasa ndiyo yenyewe. Mtoto wangu Jeniffer nampa hii hii, kesho yuko shuleni. Nyie wenye paka mnachelewa chelewa tu. Mshike kichwa."

Specioza alimshika Diwani kichwa kwa mkono mmoja, kijiko kwa mkono mwingine. Paka akafunga mdomo kama kufuli. Macho yao yakakutana, yake na ya yule mnyama, na Specioza akaona jinsi macho yale yalivyozama ndani. Kicheko kikamshika. Kijiko kikacheza, dawa yote ikamwagikia gauni la Katarina.

"Sasa unacheka nini?" Katarina alifoka.

"Sijui!" Specioza alisema, akizidi kucheka. "Sijui, dada, nisamehe!"

Telesphor alikuwa amesimama mlangoni. Aliusikia mlio wa kile kicheko, akavua kofia.

"Mpeleke kwa bwana mifugo," alisema.

"Bwana mifugo wa ng'ombe?" Katarina akashangaa. "Kwa ajili ya paka? Mji mzima utamcheka huyu."

"Mie ndiye ninayecheka," Specioza alijibu akijipangusa. "Wao wataanzia wapi?"

Asubuhi Diwani alikunywa maji mwenyewe, kwa kiu kubwa. Specioza akashukuru Mungu. Hajamaliza kushukuru maji yakarudi. Alikimbia mpaka ofisi ya mifugo, akakuta mlinzi peke yake anaota jua. Bwana Sylvanus, alisema mlinzi, yuko Kabungu, ng'ombe wanaogeshwa kwenye josho, atarudi wakimaliza, na ng'ombe wa Wasukuma hawaishi leo.

Specioza akarudi sokoni akiwa hajui la kufanya, na pale pale akamwona Masalu. Huyu alikuwa mfugaji aliyehamia Kabungu kutoka Shinyanga na ng'ombe zake, mtu mrefu, mwenye heshima nyingi, aliyekuja mjini kila asubuhi kuuza maziwa kwa baiskeli. Alikuwa ameshafunga madumu yake matupu anataka kuondoka.

"Masalu! Baba, nisaidie! Ukifika josho mwambie bwana mifugo Diwani anatapika! Hata maji hayakai! Aje haraka, Diwani anakufa!"

Alitaka kusema zaidi, lakini kicheko kilimkaba katikati ya soko, akashika meza kwa mikono miwili, akacheka mpaka mchele ukatikisika kwenye kisado. Masalu alimtazama kwa mshangao mkubwa. Yeye alikuwa mgeni. Hakujua paka wala jina la paka. Alichokijua ni kwamba kiongozi wa watu anakufa na mwanamke huyu anaona raha. Akapanda baiskeli, akaikanyaga kwa nguvu zote kuelekea Kabungu.

Na si Masalu peke yake aliyesikia. Upande wa pili wa soko, kwa wauza mahindi, walikuwepo watu wa kata ya Mheshimiwa waliotoka vijijini asubuhi hiyo, wasiomjua paka. Habari ikatoka mezani kwa Specioza ikiwa "Diwani anatapika," ikafika kwenye mahindi ikiwa "Mheshimiwa kazidiwa," ikafika kwa fundi baiskeli ikiwa "kalishwa kitu, na kuna watu wanacheka." Kabla jua halijafika utosini, nyumba ya Mheshimiwa Melkiadi ilikuwa imejaa.

Mwenyewe alikuwa sebuleni anakula ugali na kisamvu, kwa afya njema kabisa, alipoona wanawake wanaingia na chupa za uji, wamejifunga kanga viunoni, macho mekundu. Akauliza kuna msiba gani. Wakamwambia atulie, asijichoshe kwa kusema.

"Lakini mimi mzima!"

Wakatikisa vichwa kwa huruma. Ndivyo wagonjwa wasemavyo. Mzee mmoja akamwondolea sahani ya ugali mbele yake taratibu, akisema tumbo lililochafuka halitaki vyakula vizito. Mheshimiwa alipoinuka kudai sahani yake, walimshika mabega wakamlaza kwenye kochi, na mtu akaanzisha wimbo wa kanisani.

Haya yote Specioza alikuja kuyasikia baadaye. Wakati ule alikuwa amekaa kwenye mlango wa nyumba yake, Diwani mapajani, akiitazama barabara ya Kabungu. Bwana mifugo haji. Alimgusa paka fizi kwa kidole. Zilikuwa kavu, zinanata, na zimepauka. Tumbo lilikuwa limevutwa ndani, na alipoligusa Diwani alitoa sauti ambayo hajawahi kuitoa.

"Telesphor," aliita, "toa baiskeli."

Telesphor alikuwa ameshaitoa. Alikuwa ameshajaza upepo.

Walimweka Diwani kwenye kikapu cha mchele, wakamfunika na kanga, Specioza akakaa nyuma amekumbatia kikapu, Telesphor akakanyaga. Barabara ilikuwa na vumbi jekundu la kufika vifundoni, na mashimo ambayo magari yalikuwa yameyachimba tangu masika. Kwenye kila shimo Specioza alicheka. Waliopita na kuni vichwani walisimama wakawapungia mkono, wakidhani ni maharusi. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alipiga makofi akasema, "Hongereni sana!" Specioza akamjibu "Asante!" huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na Telesphor akainamisha kichwa akazidi kukanyaga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Specioza alidhani ni mashimo. Kumbe mume wake alikuwa anacheka, yeye naye, mtu wa kununa, alikuwa anacheka kimyakimya kama mtu anayeiba.

Josho la Kabungu lilikuwa kama vita. Ng'ombe mamia, pembe juu, wanasukumana kuingia kwenye ule mfereji wa dawa, wanazama hadi shingoni, wanatoka upande wa pili wakipiga chafya na kujitikisa. Vijana wanapiga mluzi, mbwa wanabweka, harufu ya dawa inachoma macho. Katikati alisimama Sylvanus, bwana mifugo, mtu mfupi mwenye gambuti na sauti ya kengele.

Masalu alikuwa ameshafika zamani na ujumbe ulikuwa umeshafikishwa. Sylvanus alikuwa ameujibu hivi: "Diwani anatapika mimi nifanyeje? Nimwogeshe? Mpelekeni hospitali!" Na Masalu alikuwa amesisitiza kwamba mama wa sokoni amesema ni yeye anayetakiwa, si mwingine, mpaka Sylvanus akahisi ni mambo ya siasa, akakataa kuongea tena.

Sasa akamwona mwanamke anashuka kwenye baiskeli na kikapu, anamkaribia, anafungua mdomo.

"Bwana mifugo," Specioza alisema, "nimemleta Diwani." Akaangua kicheko.

Wachungaji waliokuwa karibu wakaacha kupiga mluzi. Sylvanus alitazama kikapu. Kisha alimtazama Specioza.

"Mama, unanichezea? Umemweka diwani kwenye kikapu?"

"Ndiyo!" Specioza alisema, na hapo ndipo alipopotea kabisa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na samadi, kikapu kifuani. Alijaribu kusema "paka," ikatoka "pa, pa, pa." Sylvanus akageuka kwenda kwa ng'ombe zake. Telesphor alifungua mdomo kumwita, lakini alikuwa hana pumzi ya kutosha.

Aliyeokoa jambo alikuwa Nyanzala, mke wa Masalu. Alikuwa amesimama kwenye boma na fimbo yake, akimtazama Specioza machoni badala ya mdomoni.

"Bwana mifugo, rudi," alisema. "Mayu huyu, mama huyu, hacheki. Huyu anaogopa. Bibi yangu alikuwa hivi hivi, tulimzika babu yeye anacheka, na hakuna aliyelia kuliko yeye." Akachuchumaa, akafunua kanga. "Ni paka."

"Paka!" alisema Masalu, akashika kichwa.

"Paka?" alisema Sylvanus. Akarudi, akapiga goti kwenye vumbi. Uso wake ulibadilika palepale. Hakucheka, wala hakuuliza kwa nini paka ameletwa kwenye josho la ng'ombe. Aliuliza maswali. Ametapika mara ngapi? Chakula amekataa tangu lini? Maji yanakaa? Choo je? Amepewa dawa yoyote? Specioza alijibu vipande vipande, Telesphor akijaza mapengo. Walipofika kwenye kijiko cha Panadol, Sylvanus aliinua kichwa.

"Alimeza?"

"Ilimwagika," alisema Specioza. "Nilicheka, ikamwagika."

"Basi Mungu akubariki na kicheko chako. Paka hawezi hiyo dawa. Kidonge kimoja tu kinammaliza, hata nusu. Usimpe paka dawa ya watu hata siku moja, hata kama ni ya mtoto."

Alimvuta Diwani ngozi ya shingo, ikabaki imesimama kama hema badala ya kurudi. Alitoa kipimajoto, kile cha ndama, akakipaka mafuta, akainua mkia. Wachungaji wote wakasogea kutazama, maana hii hawakuwahi kuiona. Sylvanus akasita, akainama zaidi.

"Mama, nani alikuambia huyu ni dume?"

"Si ndiyo?" Specioza akashtuka.

"Huyu ni jike. Tena jike safi."

Kisha Telesphor akasema, kwa sauti yake ile ile kavu, "Basi ni diwani wa viti maalumu."

Josho zima likalipuka. Masalu alicheka akishikilia pembe ya ng'ombe asianguke, ng'ombe mmoja akaruka mfereji bila kuogeshwa, Nyanzala akapiga kigelegele. Na Specioza, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alicheka kwa sababu jambo linachekesha; akaona tofauti yake, kicheko hiki kilivyo chepesi tumboni.

Sylvanus hakupoteza muda. Alimfungua Diwani mdomo, akausukuma ulimi juu kwa kidole gumba, akachungulia chini yake.

"Njoo uone."

Chini ya ulimi, pale shinani, kulikuwa na uzi mweupe, mwembamba, umejizungusha na kuikata nyama. Ncha nyingine ilikuwa imeshuka kooni.

"Uzi wa wavu," alisema Telesphor taratibu. Rangi ilimtoka. "Wa migebuka. Niliutupa mimi, jikoni."

"Vuta!" akasema kijana mmoja wa ng'ombe, na tayari alikuwa amenyoosha mkono. Sylvanus aliupiga ule mkono kofi.

"Ukivuta unamuua! Huu uzi umeshikwa hapa juu, huko chini utumbo unauvuta, unajikunja juu yake kama kiuno cha suruali ya kamba. Ukivuta unaukata utumbo kama unakata nyama. Hakuna kuvuta. Wala ukiuona unatokeza nyuma, huvuti."

Alichukua mkasi mdogo, Telesphor akamkamata Diwani ndani ya kanga kama mtoto mchanga, Specioza akageuza uso. Mkasi ukalia mara moja. Kisha Sylvanus akatundika chupa ya maji ya dripu kwenye mti wa boma, akamchoma Diwani sindano chini ya ngozi ya mgongo, maji yakaingia polepole mpaka paka akaota nundu kama fahali wa Kisukuma. Wachungaji wakakubaliana kwamba sasa anafanana na mnyama.

"Sikilizeni," Sylvanus alisema huku akifunga vitu vyake. "Nimeulegeza. Ukikubali, utatoka wenyewe kwa njia yake. Usipokubali, itabidi nimpasue, na mimi nimepasua ng'ombe na mbuzi, paka bado, kwa hiyo tuombe Mungu. Leo asile. Kesho kidogo kidogo, uji laini wa samaki. Akitapika tena, tumbo likiwa gumu, akishindwa kuinua kichwa, njooni hata kama nakula."

"Nimechelewa?" Specioza aliuliza.

Sylvanus alifikiri kabla ya kujibu, na Specioza alimpenda kwa hilo. "Ile siku ya kwanza, hapana. Katapika mara moja, anacheza, anakula. Hata mimi ningemwacha. Lakini paka akikataa chakula kutwa nzima, akajificha, akarudiarudia kutapika, hapo huendi kwa jirani, unakuja kwangu. Na maji yakishindwa kukaa, humalizi hata kikombe cha chai. Hukuchelewa sana. Ungesubiri kesho, ungekuja na kikapu kitupu."

Waliporudi mjini walikuta mtaa wa pili umefurika watu. Wakapita pembeni bila kuuliza, wakidhani ni mkutano wa kampeni.

Usiku ule na siku iliyofuata nyumba ya Specioza iliishi kwa kunong'ona. Katarina alikuja akaomba radhi kwa kile kijiko, akakaa uani anamenya vitunguu na kuulizia kila dakika. Sylvanus alipita na pikipiki, akalibonyeza tumbo, akasema bado, akamwongeza maji. Diwani aliramba uji wa samaki. Ukakaa. Aliramba tena. Ukakaa. Telesphor alipekua jikoni kama polisi, akachoma kila uzi, kamba na nyuzinyuzi alizoziona, hata ule wa kufungia kofia yake.

Asubuhi ya pili, wakati watu wanapita kwenda sokoni, Diwani alitoka nje kwa miguu yake, akafukua kichanga nyuma ya choo, akachuchumaa. Specioza alimfuata akiwa ameshika ufagio. Akachungulia. Uzi wote ulikuwepo pale, mrefu, umejisokota, umetoka salama.

Alitupa ufagio. Alikimbia mpaka barabarani, kanga inapepea, akapaza sauti mtaa mzima usikie:

"Diwani amekwenda haja! Jamani, Diwani amekwenda haja kubwa!"

Na kwenye kona hiyo hiyo, akiwa amevaa suti, akisindikizwa na wazee wawili na katibu kata, alikuwa anapita Mheshimiwa Melkiadi.

Kila kitu kilisimama. Mheshimiwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Siku mbili alikuwa amenyweshwa uji kwa nguvu na watu anaowawakilisha. Siku mbili alikuwa akiulizwa hali ya tumbo na watu asiowajua. Na sasa hili.

"Mama," alisema kwa upole wa kutisha, "umejuaje?"

Specioza alifunika mdomo. Kicheko kilikuja, cha hofu na cha furaha kwa pamoja. Akanyoosha kidole tu. Kutoka nyuma ya nyumba, kwa madaha, mkia juu, soksi nyeupe, alikuwa anakuja Diwani. Alipita katikati ya wazee, akamfikia Mheshimiwa, akajisugua kwenye suruali ya suti, akamtazama usoni kwa macho ya huruma.

"Huyo ndiye Diwani," Telesphor alieleza kutoka mlangoni. "Wa viti maalumu."

Katibu kata alitazama chini. Wazee walitazama juu. Mheshimiwa Melkiadi alimtazama paka, akaona jinsi alivyokuwa akijisugua na jinsi alivyokuwa ameshageuka kwenda kwa mzee wa pili, aliyeshika mfuko wa samaki. Tumbo lake kubwa likaanza kutikisika, kwanza kidogo, halafu lote, mpaka vifungo vya koti vikalalamika.

"Ananijua huyu!" alisema akihema. "Amesoma kazi yangu yote!"

Aliingia kwa Specioza akanywa chai. Aliomba na ugali, na hakuna aliyemwondolea sahani.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, Diwani alizaa watoto wanne ndani ya gunia tupu nyuma ya meza ya mchele, na soko zima likaja kuwaona. Nyanzala alikuja kutoka Kabungu pamoja na Masalu kuchukua mmoja, kwa sababu panya walikuwa wamemaliza mahindi ya ghala. Alichagua yule mweusi mwenye doa kwenye pua. Walisalimiana kwa Kisukuma ambacho Nyanzala alikuwa amemfundisha Specioza, ile salamu ya asubuhi, mwangaluka, mwangaluka mayu, wakashikana mikono muda mrefu wakiulizana habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe.

"Sina la kukufundisha juu yake," Specioza alisema. "Ulikuwepo."

"Nilikuwepo," alikubali Nyanzala. "Nyuzi zote za magunia nimeshazitundika juu."

Masalu alimpokea paka kwa mikono miwili kama mtu anayepokea yai. Akamtia kifuani ndani ya koti, akafunga kifungo cha juu, akapanda baiskeli na mkewe nyuma, akaondoka polepole kuelekea Kabungu, akiyakwepa mashimo moja baada ya jingine.